Sifuri ya Yu Tarmi

Pale kijijini Karangrebon kila mtu alikuwa na kisa chake kuhusu pua ya Yu Tarmi. Mmoja alisimulia jinsi alivyomwona ameinamia tonge la terasi, uduvi uliotwangwa na kuchachushwa, lililofungwa kwenye jani la mgomba, hata hajalifungua, akasema, "Uduvi huu ulinyeshewa siku ya pili." Na kweli ulikuwa umenyeshewa. Mfanyabiashara mmoja wa Semarang hakununua hata gunia moja mpaka Tarmi alinuse kwanza, maana aliwahi kuuziwa terasi iliyochanganywa unga wa muhogo na rangi ya vitambaa. Siku ile Tarmi aliinusa mara moja tu, akaisukuma mbali kwa ncha ya kidole. "Hii kapakie ukuta," akasema.

Jina lake kamili lilikuwa Tarmini. "Yu" ni dada mkubwa, na kijiji kizima kilimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye mikono iliyopauka kwa chumvi. Alianza kutwanga uduvi akiwa hajaota meno ya ukubwani, na hakuwa mtu wa kukinai harufu ovyo. "Mtu anayelala chumba kimoja na mitungi ya uduvi unaochachuka hana haki ya kujifanya laini," alikuwa akisema. Kwa hiyo kiwanda cha unga wa samaki kilipofunguliwa upande wa mashariki wa kijiji na watu wakaanza kulalamika, yeye alikuwa wa mwisho kulalamika.

Lakini ule wa kiwandani haukuwa unukaji wa kawaida. Terasi inanuka, ndiyo, ila inanuka kama kitu kilichofika kilikokuwa kinakwenda. Kiwanda kilinuka kama kitu kilichokufa njiani kikaachwa. Malori yalileta matumbo, vichwa na samaki waliokwisha kuvunda, yakidondosha barabarani maji ya rangi ya kutu. Vyote vikapikwa katika mapipa makubwa, na mvuke wake ukatoka kwenye dohani fupi, ukashuka juu ya mapaa kama blanketi bichi. Uvundo ule uliingia kwenye wali. Uliingia kwenye nywele za mabibi harusi. Ulilala juu ya ulimi, mtu akinywa chai akawa ameunywa nao. Nguo zilizoanuliwa kambani zilibidi zifuliwe upya, na zikianikwa tena, ni yale yale.

Kilichomtisha Tarmi zaidi ni kwamba asubuhi nyingine alifungua mtungi, akanusa, asisikie kitu. Pua ilikuwa imejaa kile kingine. Siku moja alimuuzia yule mtu wa Semarang gunia lililokuwa na ukungu chini, naye akalirudisha. Tarmi alijifungia jikoni akalia kwa hasira, si kwa ajili ya gunia.

Mdogo wake, Kasdu, waliyezaliwa tumbo moja, alikuwa fundi wa boila mle kiwandani. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa kubeba chumvi, akirudi nyumbani mgongo umechubuka. Sasa alikuwa na pikipiki, watoto wake wawili walikuwa shule ya mjini, na mkewe, Sulikah, alikuwa amenunua jiko la gesi. Dada yake akiziba pua Kasdu anapoingia, Kasdu alicheka tu.

"Hiyo ndiyo harufu ya mshahara, Yu."

"Basi mshahara wako umekufa siku nne."

"Umekufa lakini unalisha. Wangapi hapa wako hai na hawalishi mtu?"

Walicheka wote wawili. Zamani hizo bado walikuwa wanacheka.

Mwaka wa tano wa kiwanda wanawake walibeba vichanja vyao vya kuanikia uduvi, wakaviweka katikati ya lango la kiwanda, malori yakakaa nje mchana kutwa, matumbo yakitokota juani. Jioni yake mkuu wa kijiji alipigiwa simu na watu wa wilaya. Haikupita wiki mbili akaja mtaalamu kutoka mji mkuu wa mkoa, Dokta Hendarto, bwana mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Udokta wake haukuwa wa kutibu watu. Ulikuwa wa hesabu za uchumi. Alifuatana na msaidizi wake, binti mwembamba aitwaye Laksmi, aliyebeba makaratasi yote.

Kwanza palikuwa na jaribio la pua. Sheria ilitaka watu wanane wanuse, na ikiwa zaidi ya nusu wangesema harufu inasumbua, basi imevuka kiwango. Wale wanane walichaguliwa na ofisi ya kijiji, na isipokuwa Tarmi, wote walitoka kwenye nyumba zinazopakana na ukuta wa kiwanda. Walikalishwa kwenye viti vya plastiki uwanjani, kila mmoja na karatasi yake. Tarmi alivuta pumzi moja, akaandika: inasumbua. Akatazama wenzake. Mzee wa pembeni yake alikuwa ametulia kama aliyekaa bustanini.

"Wewe husikii?" akamnong'oneza.

"Nisikie nini?" Mzee alishangaa kweli. Alikuwa ameuvuta mwaka wa tano huo, usiku na mchana, na pua yake ilikwisha kuacha kazi.

Karatasi zilipohesabiwa, watatu walisema inasumbua, watano walisema haisumbui. Wawili kati ya hao watano walikuwa na watoto mle kiwandani. Dokta Hendarto aliandika, akashukuru, akagawa sabuni za kuogea kama zawadi. Sabuni za kuogea! Tarmi alimpa yake mbuzi wa jirani ailambe.

Baada ya hapo Laksmi alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba na dodoso. Nyumba mia mbili, kati ya elfu moja na mia moja za kijiji. Alifika kwa Tarmi akiwa amejifunga leso puani, akaivua kwa adabu kabla ya kuketi.

"Mama, swali kubwa ni hili. Tuseme upo mtambo wa kusafisha huu moshi. Je, familia yako ingekuwa tayari kulipa kiasi gani kila mwezi ili hewa iwe safi?"

Tarmi alidhani hakusikia vizuri. "Nilipe nani?"

"Hulipi kweli, mama. Ni kukadiria tu. Tunataka kujua hewa safi ina thamani gani kwako."

"Sikiliza, mwanangu. Jirani yako akija akajisaidia kwenye ngazi ya nyumba yako, unamuuliza anataka rupia ngapi ili aache?"

Laksmi akainamisha uso, masikio yakiwa mekundu. "Ninaelewa, mama. Lakini lazima niandike namba."

"Andika sifuri. Ukitaka iandike kubwa. Anayenuka ndiye anunue maji ya kuoga."

Jibu lile lilienea kijijini kabla Laksmi hajavuka nyumba tatu. Watu walilipenda. Wanawake waliosimama kwenye vichanja walirudiana nalo huku wanacheka: mwambie sifuri, mwambie Yu Tarmi kasema anayenuka ajioshe. Nyumba mia moja na kumi na nane zikajibu sifuri, kwa fahari kabisa. Waliobaki walitaja walichoweza: elfu mbili, elfu tatu, mmoja akasema elfu kumi akazomewa na mkewe.

Miezi mitatu baadaye waliitwa kwenye ukumbi wa wilaya. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, na kila aliyeingia alipewa kiboksi cha vitafunio: wali wa kunata uliofungwa kwa jani, sambusa ya nyama na kikombe cha maji. Mwakilishi wa kiwanda alikaa mbele, na meneja wake. Kasdu naye alikuwepo, safu ya nyuma, na wafanyakazi wengine waliovaa sare. Dokta Hendarto akawasha mashine yake, namba zikatokea ukutani.

Alieleza taratibu, bila kiburi chochote, na hilo ndilo lililomuudhi Tarmi baadaye kila alipolikumbuka. Mtambo wa kusafisha moshi ungegharimu rupia bilioni mbili na milioni mia sita. Hiyo ndiyo gharama. Faida ilipatikana kwa kuchukua wastani wa kile ambacho familia zilikuwa tayari kulipa, yaani rupia elfu moja na mia nane kwa mwezi, mara familia elfu moja na mia moja, mara miaka kumi. Jumla, milioni mia mbili thelathini na saba.

"Kwa hiyo," akasema, "tukiuweka mtambo huu, jamii inatumia bilioni mbili na ushei ili ipate kitu chenye thamani ya chini ya moja ya kumi ya fedha hizo. Na hapo hatujagusa hatari ya watu mia moja na thelathini kupoteza kazi. Ningependa pia mwone kwamba zaidi ya nusu ya familia zilijibu sifuri. Inaonyesha jamii imekwisha kuizoea hali hii, na haiioni kuwa na uzito mkubwa."

Tarmi alikuwa ameshika sambusa. Aliirudisha kwenye kiboksi. Alisimama bila kuomba nafasi.

"Bwana Dokta, ile sifuri ni yangu."

Watu wakageuka. Mkuu wa kijiji akakohoa.

"Mimi ndiye niliyeanza kusema sifuri, wenzangu wakafuata. Hatukusema hewa haina maana. Tulisema si sisi wa kulipa. Mtoto mdogo angeelewa."

"Ninakuelewa, mama," akajibu Hendarto, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Jambo hili tunalijua. Nikaziondoa sifuri zote, nikapiga upya kwa wale waliotaja fedha tu. Wastani ukapanda hadi elfu nne na mia tatu na kitu. Jumla ya miaka kumi bado ni chini ya milioni mia sita. Hata robo ya gharama hamfiki."

"Kwa sababu hatuna!" akasema Tarmi. "Umemuuliza mwenye njaa wali ni bei gani, akakutajia kilichomo mfukoni, ukaandika kwamba hapendi wali."

Pakawa na kicheko, hata miongoni mwa wenye sare. Hendarto akatabasamu pia, akaandika kitu. Kisha akabonyeza, namba nyingine zikatokea. Alikuwa na pendekezo la kati: dohani irefushwe kwa mita kumi na mbili. Gharama, milioni tisini. Mvuke ungepita juu ya Karangrebon bila kuigusa. Kwa kila rupia moja, faida ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Mtu mmoja akauliza mvuke ungekwenda wapi.

"Sehemu kubwa ungetawanyika. Sehemu ungeshuka ng'ambo ya mto, Tanjungsepi. Lakini kule kuna familia mia mbili na arobaini tu. Tumewakadiria kwa kiwango kile kile chenu, hasara yao inafika milioni hamsini na mbili. Ukitoa hiyo, ukitoa na dohani, bado tunabaki na faida."

"Umewauliza?" akasema Tarmi.

"Haikuwa lazima. Hali zao zinafanana na zenu."

Makofi yalipigwa. Tarmi aliyasikia yakianzia mbele, kwa mwakilishi wa kiwanda, halafu, la kumchefua, yakapokelewa na watu wake mwenyewe. Wanawake wa vichanja walipiga makofi. Mkuu wa kijiji alipiga makofi. Kasdu alipiga makofi huku anamtazama dada yake kwa furaha, kama anayemwambia: umeona, kazi yangu ipo na harufu yako inaondoka.

Alikwenda msalani akafungua bomba, akanawa uso. Laksmi akaingia, akasimama mlangoni akivuta vuta kitambulisho chake.

"Mama, nisikufiche. Mwaka juzi tulifanya kazi kama hii mjini, kwenye mtaa wa nyumba mpya karibu na dampo. Wale walitaja elfu sabini na tano kwa mwezi kila familia. Dampo likahamishwa."

"Pua zao ni kubwa kuliko zetu?"

"Mishahara yao, mama." Akaufunga mlango nyuma yake. "Lakini sheria ya harufu haiulizi bei. Inauliza pua nane tu. Safari ile mngepata watano, hizi hesabu zote zisingekuwa na kazi."

Tarmi alimtazama yule binti kwenye kioo. Hakujua kama amshukuru au amtemee mate. Mwisho akasema, "Na wewe unakula kwa kazi hii."

"Ndiyo, mama," akasema Laksmi.

Dohani ilirefushwa kabla ya mwezi wa mfungo. Asubuhi ya kwanza watu wa Karangrebon walitoka nje wakasimama barabarani, wakivuta pumzi kama watoto wanaojaribu kitu kipya. Palipikwa karamu ya shukrani, wali wa manjano ukapangwa kama kilima, imamu akaomba dua. Tarmi alikula. Lazima isemwe kwamba alikula, na usiku ule alilala madirisha wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alifungua mtungi akasikia uduvi wake wote, chumvi yake, jua lake. Pua yake ilikuwa imerudi. Aliifurahia wiki nzima.

Wiki ya pili alikwenda Tanjungsepi kuchukua majani ya migomba ya kufungia. Alivuka daraja la mianzi, na katikati ya daraja akaupata uvundo. Ulikuwa ule ule. Ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuusahau. Alishika kamba ya daraja, akatapikia mtoni.

Bu Wasirah, yaani Mama Wasirah, aliyekuwa akimuuzia majani tangu wakiwa wasichana, alimkuta ameketi ukingoni anajipangusa.

"Karibu kwenye zawadi yenu," akasema Wasirah. Hakumpa mkono. "Mjukuu wangu hali tangu juzi. Akila anarudisha. Nimesikia mlipika wali wa manjano?"

"Tulipika."

"Ulikuwa mtamu?"

Tarmi alitazama migomba, majani yake yalikuwa na utelezi mwembamba wa mafuta. Akagusa moja, akanusa kidole, akakisugua kwenye mchanga mara nyingi.

"Hata kutuuliza hawakutuuliza," akasema Wasirah. "Sisi ni wangapi kwani, hata tuulizwe."

"Mia mbili na arobaini," akasema Tarmi. "Milioni hamsini na mbili." Aliposikia namba ile ikitoka kinywani mwake alijichukia. Akaketi tena, akamweleza Wasirah kila kitu: ukumbi, makofi, sifuri. Na akamweleza habari ya pua nane. Akamwambia wasikubali kuchaguliwa watu wa kuketi, wachague wenyewe. Wachague waliotoka safari, waliorudi kutoka kazi za mjini, watu ambao pua zao hazijachoka.

Watu wa Tanjungsepi walipeleka malalamiko. Yalikaa mezani miezi saba. Mwishowe ofisi ya mkoa ilituma watu wake wa kusimamia jaribio, na karani wao alikuwa Laksmi, aliyekwisha kuacha kazi kwa Dokta Hendarto. Saba walipatikana Tanjungsepi kwenyewe. Wa nane aliugua homa siku mbili kabla, Wasirah akamtaja Tarmi. Mwakilishi wa kiwanda alipoambiwa kwamba ni mtengeneza terasi wa ng'ambo, na tena dada wa fundi wao wa boila, alicheka. "Huyo? Mwacheni akae. Pua yake ilikufa zamani, mitungini mwa uduvi."

Siku moja kabla ya jaribio Kasdu alikuja kwa dada yake mchana, na sare yake. Hakuketi.

"Yu, wamesema kiwanda kikishindwa jaribio, mtambo utanunuliwa na watu watapunguzwa. Wamesema wazi."

"Watapunguza nani?"

"Wanajua mimi ni nani kwako."

Tarmi aliendelea kukanda terasi. "Basi si mtambo unaokupunguza. Ni wao."

"Mimi sina haja na maneno matamu, Yu. Nina watoto wawili shuleni. Ni neno moja tu. Andika haisumbui. Kwani kwako inanuka? Kwako hainuki tena! Unakwenda kunusa shida za watu wengine za nini?"

"Nilitapika darajani, Du."

"Kila mtu anatapika! Mimi nimetapika miezi sita ya kwanza mle ndani, kila siku, nyuma ya boila, nikapangusa mdomo nikarudi kazini. Uliwahi kuniuliza?"

Hakuwahi kumuuliza. Mikono yake ilisimama ndani ya beseni. Miaka yote ile alikuwa akiziba pua na kutania, na hakuwahi kuuliza. Kasdu akatoka, akawasha pikipiki.

Tarmi hakupata usingizi wa maana. Alijaribu kuwapima: huku Kasdu, Sulikah, watoto wawili, ada, huku mjukuu wa Wasirah na nyumba mia mbili na arobaini. Akagundua anafanya kazi ile ile ya Dokta Hendarto, kwa kichwa chake, bila karatasi, na kwamba yeye naye alikuwa akitafuta jinsi ya kuwafanya watu fulani wawe wachache. Kinyaa kikamshika, cha nafsi yake mwenyewe, kibaya kuliko cha darajani. Akaamka akanawa uso.

Asubuhi walikalishwa chini ya migomba, viti vinane vikitazama kiwandani. Upepo ulikuwa mzuri, yaani mbaya. Tarmi alifumba macho akavuta.

Yasmini.

Alidhani amekosea. Akavuta tena. Yasmini tupu, tamu, nzito, ile ya kwenye nywele za bibi harusi na ya kumwagwa juu ya jeneza. Watu wawili upande wake wa kushoto walitazamana, mmoja akatabasamu. Ndipo Tarmi akaelewa: kiwanda kilikuwa kimepulizia manukato kwenye dohani, madumu kwa madumu labda, kwa ajili ya asubuhi hii moja. Akavuta mara ya tatu, polepole, kama anavyonusa gunia la mtu asiyemwamini, akipita chini ya ua lile. Na kule chini vyote vilikuwepo. Damu iliyoungua. Mafuta ya samaki yaliyochacha. Nyongo. Utumbo wa siku nne umevikwa maua kama maiti isiyooshwa. Hakutapika, alimeza. Aliinama akaandika: inasumbua. Chini yake, pahali pasipohitajika kitu, akaongeza: na imepakwa manukato.

Laksmi alikusanya karatasi, akazisoma mbele ya wote. Inasumbua, watano. Haisumbui, watatu.

Hakuna aliyejua ya tano ilikuwa ya nani, maana karatasi hazikuwa na majina. Ila ile yenye nyongeza ilimfanya mwakilishi wa kiwanda ageuke amtazame Tarmi, uso umemshuka. Mtu wa mkoa aliinuka, akaenda mwenyewe kiwandani, akakuta madumu.

Amri ilitoka. Mtambo uliwekwa, si ule wa bilioni mbili na ushei. Walinunua uliotumika, wakaufunga baada ya mwaka mzima wa kuvutana. Unafanya kazi siku nyingi, siku nyingine wanauzima kuokoa umeme, na siku hizo Wasirah hupiga simu ofisi ya mkoa mpaka wauwashe. Mjukuu wake anakula. Watu thelathini na wanne walipunguzwa kazi, na barua zao ziliandika sababu: gharama za mazingira. Kasdu alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Alikwenda Kalimantan, ng'ambo ya bahari, kufanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya mawese, bila kumuaga dada yake. Watoto walirudishwa shule ya kijijini. Karangrebon wengine walimlaumu Tarmi waziwazi: jambo lilikuwa limekwisha, dohani ilikuwa ndefu, nani alimtuma avuke mto? Mmoja alimwita mwuza ndugu. Tarmi akamsalimu mtu huyo kwa jina lake la kila siku, akapita.

Sulikah alikuja siku moja akasimama mlangoni. Jiko la gesi alikwisha kuliuza.

"Nimekuja kutafuta kazi, Yu. Usidhani nimekuja kwa upendo."

"Mchi ule pale," akasema Tarmi.

Sulikah akafanya kazi. Ana mikono mizuri, hana maneno. Walitwanga pamoja mwaka mzima, ana kwa ana, na ikiwa kuna kitu Sulikah alitaka kumwambia wifi yake, alikitwanga pamoja na uduvi.

Kasdu alirudi Idi iliyofuata. Alikuja kuomba radhi kama desturi inavyotaka, akapiga magoti mbele ya dada yake, na Tarmi akamshika kichwa, wote wawili wakisema maneno yanayosemwa siku hiyo bila kutazamana. Kisha akala. Alikuwa amekonda. Tarmi alikuwa ameisikia harufu yake kabla hajakaribia: mafuta yaliyochacha, moshi wa makapi, na kitu kama maji ya bwawa lililokufa.

"Huko kunanukaje?" akauliza. Safari hii aliuliza.

Kasdu alitafuna kwanza. "Bwawa la maji machafu liko nyuma ya mabanda yetu. Hatua kama arobaini. Asubuhi kunakuwa na povu mpaka mlangoni."

"Hamjalalamika?"

"Kwa nani, Yu? Sisi ni wa kuja. Hata kwenye orodha ya kijiji hatumo."

Tarmi akamwambia avue shati. Alilichukua uani, akalifua kwa sabuni ya kipande, akalisuuza, akalinusa. Akalifua tena. Mara ya tatu Sulikah alikuja na ndoo nyingine ya maji, akachuchumaa upande wa pili wa karai, akashika mkono mmoja wa shati, wakaendelea kusugua.